Mwaridi Uliolishwa Chumvi

Juzi niliingia duka moja la dawa za mifugo na mimea hapa Lodwar kutafuta kitu cha kupulizia maua. Mwaridi wangu ulioko karibu na tangi la maji ulikuwa umeanza kuwa na majani ya manjano, na jirani alinionya nisichelewe. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, akaanza kunipangia chupa juu ya kaunta: hii ya wadudu, hii ya ukungu, hii inaua kila kitu. Nilikuwa namsikiliza vizuri tu, mpaka pua yangu ikanasa harufu nyingine. Nyuma yake palikuwa na gunia la chumvi ya mifugo lililofunguliwa mdomo. Chumvi ile hunuka vumbi lililolowa na chuma kilichoshika kutu, na aliyewahi kulala karibu nayo haisahau. Nilimwambia kijana nitarudi. Nikaenda nyumbani mikono mitupu, nikachota udongo kidogo chini ya mwaridi, nikauonja.

"Mama, unakula mchanga?" binti yangu akauliza kutoka mlangoni.

Udongo haukuwa na chumvi. Nikashusha pumzi, nikaketi, nikaanza kumsimulia sababu. Lakini alichoka katikati ya hadithi akarudi kwenye simu yake, kwa hiyo nawasimulia nyinyi wa rika langu, ambao angalau mmewahi kutumwa kuchota maji.

Nilikulia Kakuma, upande wa mjini, hatua chache kutoka kwenye laga inayotenganisha mji na kambi ya wakimbizi. Laga ile ni mto kwa jina tu. Siku chache kwa mwaka hufurika na kubeba mbuzi na masufuria ya watu, siku nyingine zote ni mchanga mtupu unaochoma nyayo. Baba alikuwa mlinzi Kainuk na tulimwona kwa nadra. Mama aliuza makaa. Kila asubuhi wanawake wa kambini walivuka laga kuja kununua, na ndivyo alivyofahamiana na Mama Furaha.

Mama Furaha alikuwa Mkongo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kweli aliiongoza kwaya ya kanisani kwetu. Alilima mchicha ndani ya magunia karibu na bomba la maji, palipomwagika maji ya watu. Alikuja na beseni la mchicha, akaondoka na makaa, na kati ya kuja na kuondoka alikaa saa nzima akicheka na mama. Mimi aliniletea mandazi mawili yaliyofungwa kwenye kitambaa, bado ya moto. Mama hakuwa na dada Kakuma wala hakuwa mtu wa kutembelea nyumba za watu. Alikuwa na rafiki mmoja, naye ni huyo.

Mwaridi ulitoka kwake. Aliomba kijiti kanisani wakati wa kupogoa maua, akakiotesha kwenye kopo, na kiliposhika mizizi akamletea mama. Mama aliupanda ndani ya ua wetu, akauzungushia miiba ya mti wa mathenge dhidi ya mbuzi, akaunywesha maji ya kuoshea vyombo. Ulikua hadi kimo changu. Ulipotoa maua mekundu, watu wa mtaa walikuja kuyatazama, kwa kuwa rangi ile kwetu ilikuwa ya shanga na shuka, si ya kitu kilichoota ardhini.

Kisha Ata akaja. Ata ndiye bibi yetu, mama yake baba. Alitoka Lokiriama baada ya ukame kummalizia kundi, akashuka kwenye lori na mbuzi watano, kigoda, na mfuko wa ngozi uliojaa chumvi ya mifugo, ile aliyoichimba mwenyewe mahali alipopajua huko kwao. Kwa kutibu mbuzi sijaona mfano wake. Lakini mwaridi ulimshinda kuuelewa.

"Unatoa nini?" alimwuliza mama siku ya kwanza, kwa Kiturkana.

"Unatoa maua."

"Halafu?"

"Basi. Maua."

Ata aliuzunguka ule mti mara moja, akagusa mwiba kwa kidole gumba. "Angalau una miiba," akasema, akaenda kukaa kivulini.

Mimi nililala chumba kimoja na Ata, na mfuko wa chumvi ulining'inia kwenye nguzo juu ya kichwa changu. Muda si mrefu mbuzi wake mmoja, jike mweupe aitwaye Nakwang, alikataa kula. Ata alimshika masikio, akamgeuza kope, akamnusa mdomo, akaagiza atengwe na wenzake. Kisha akachota chumvi akamsugulia ulimini. Nikamwuliza inafanya nini.

"Mnyama akikataa kula, mpe chumvi," akasema. "Akishaonja chumvi atatafuta maji. Akishakunywa maji atatafuta majani. Ukimwona anatafuta, amepona."

Siku ya tatu Nakwang aliruka ua akala nusu ya ufagio wa mama. Ata alicheka mpaka akajifuta machozi, akaniambia kuanzia leo huyu mbuzi ni wako, mimi na wewe tutamlea. Sikuwa nimewahi kumiliki kitu kinachopumua. Nilimfunga kamba nyekundu shingoni, nikaamini kwamba chumvi ya Ata haishindwi na ugonjwa wowote duniani.

Jumapili moja baada ya ibada, Mama Furaha alisimama mbele ya mwaridi akaanza kuhesabu kwa kidole. "Moya, mbili, tatu..." Alipofika saba akapiga makofi. "Mama Akiru! Maua saba! Ona vile iko muzuri, weye umebarikiwa!"

Akiru ni mimi. Nilikuwa nimekaa karibu na Ata, nikaona jinsi uso wake ulivyokunjamana. Kwetu mtu hahesabu mifugo ya mwenzake kwa sauti, na ukisifu mnyama au mtoto wa mtu, unatema mate kidogo juu yake kumbariki, ili sifa isigeuke kuwa jicho baya. Mama Furaha alihesabu, akasifu, na hakutema. Angejuaje? Kwao kutema mate mbele ya mwenyeji ni kutafuta ugomvi. Ata aliinuka akaenda kwa mbuzi wake.

Majuma mawili baadaye majani ya chini yakaanza kugeuka manjano na kuanguka. Mama akaogopa. Ata, hata kama hakuupenda mti ule, hakuweza kukaa na mgonjwa nyumbani bila kumpima. Akaushika majani kwa vidole viwili kama anavyoshika masikio ya mbuzi, akageuza jani akatazama chini yake, akanusa. Akauliza maswali yake ya kawaida: umekula nini, umekunywa wapi, umelala na nani. Akaamuru gunia ambalo mama alipanda pilipili lisogezwe mbali, wasiambukizane. Kisha akanyoosha mgongo akasema, "Huu umekataa kula."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na dawa ya anayekataa kula niliijua.

Jioni ile nilipotumwa kumwaga maji ya vyombo, nilipitia chumbani nikachota konzi ya chumvi. Nikaisambaza kuzunguka shina, nikaifukia kwa vidole, nikamwaga maji juu yake. Hesabu yangu ilikuwa safi: mwaridi utaonja chumvi, utaona kiu, utakunywa, kisha utatafuta majani, yaani utayaotesha yake wenyewe. Sikumwambia mtu. Nilitaka waamke asubuhi waukute umepona, kisha waulize ni nani, na mimi nikohoe kidogo.

Haukupona. Majani yaliyokuwa bado kijani yakaanza kukauka pembeni, rangi ya kahawia ikitambaa kutoka ncha kuelekea katikati. Vichipukizi vikanyauka kabla ya kufunguka. Nikakumbuka Ata alisema mbuzi mkubwa hupewa zaidi, nikaongeza konzi ya pili.

Siku Mama Furaha alipokuja tena na beseni lake, Ata alimsubiri mlangoni kwa ua. Kiswahili cha Ata kilikuwa kidogo na alikitumia kama fimbo. "Wewe nahesabu maua ya watu," akasema. "Sasa maua nakufa. Macho yako mbaya. Usikuje hapa tena."

Mama Furaha alimtazama mama. Mama alitazama chini. Sikumwelewa wakati ule na nilimchukia kidogo, lakini sasa nami nina mama mkwe na najua: mbele ya mama wa mumeo, ndani ya ua wa mumeo, mdomo unakuwa mzito. Mama Furaha akaweka mchicha chini. "Sawa, mama mukubwa," akasema, akavuka laga bila makaa.

Nyumba ikawa kimya. Wanunuzi wengine walikuja, wakapima, wakalipa, wakaenda. Mama aliacha kuimba jikoni. Kanisani Mama Furaha alikaa upande wa pili na kwaya yake, na watu walipopeana mikono ya amani mama alizunguka na mkono wake mpaka mwisho wa benchi letu akarudi akaketi. Jumapili mbili mfululizo nilimwona akimtazama rafiki yake kisogoni. Mandazi yalikwisha. Nililia kwa ajili ya mandazi, nakiri, lakini si kwa mandazi peke yake.

Na katika akili yangu ya miaka tisa suala lilikuwa jepesi. Mwaridi ukipona, Ata hatakuwa na neno, Mama Furaha atarudi. Kazi ya kuuponya nilikuwa nayo mimi. Kwa hiyo nikaanza kuupa chumvi mara mbili, asubuhi na jioni.

Ulipobaki fimbo zenye majani machache yaliyojikunja, Mama Furaha alikuja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, jua bado dogo. Alisimama nje ya ua akapiga hodi. Ata alikuwa anakamua mbuzi, akaendelea kukamua.

"Ejok, mama mukubwa," Mama Furaha akamsalimu kwa Kiturkana. "Mi sikuye kwa mambo ya ugomvi. Nimekuya kuona mugonjwa."

Ata aliacha kukamua. Hakuna Mturkana, na nadhani hakuna mtu wa popote, anayemzuia mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Akasogeza miiba ya lango kwa mguu wake.

Mama Furaha alifanya kazi yake taratibu na sote tulimzunguka. Alikwaruza gome la fimbo moja kwa ukucha: chini yake palikuwa pakavu, rangi ya kahawia. Akashuka akakwaruza tena chini zaidi, karibu na ardhi, na hapo pakaonekana mstari wa kijani. "Hajakufa," akasema. Akageuza majani yaliyobaki, akayafuta kwa kitambaa cheupe, akakitazama kitambaa. Palikuwa na alama chache za wekundu, vidudu vidogo kuliko punje ya vumbi. "Hii njo ilianza. Iko kidogo tu. Jua kali inaileta, unaosha majani kwa maji, inaenda. Hii haiwezi kuua muti muzima."

Akaomba kijiko. Akachimba kando ya shina, polepole, akatoa mzizi mmoja, akaunusa. Hakuna uvundo. Akaangalia kama kuna mchwa. Hakuna. Kisha akaona kitu juu ya udongo ambacho sisi tulikipita kila siku: utando mweupe, mwembamba, ulioganda baada ya maji kukauka. Akachota kidogo akaweka ulimini, akatema haraka.

"Munyu," akasema. Ndivyo wanavyoita chumvi kwao. "Mama Akiru, nani anatia munyu kwa muti?"

Mama akasema hakuna, sisi twaupa maji ya vyombo tu. Hapo Ata akainama. Akachota udongo kwa ncha ya kidole akauonja, na hakutema. Aliuweka mdomoni akiwa amefumba macho, akiusogeza huku na huku, kama alivyofanya akichagua chumvi ya kuchimba. Nilimwona akiutambua. Alisimama, akaingia chumbani, na alipotoka alikuwa ameubeba ule mfuko wa ngozi. Ulikuwa umebaki chini ya nusu.

Alinitazama tu.

"Ulikataa kula," nikasema. "Nikaupa dawa." Kisha nikaanza kulia kwa sauti kubwa, kwa kuwa sikupata nafasi ya kukohoa wala ya kusifiwa, na kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa.

Mama aliinua mkono kunichapa. Mama Furaha akaushika hewani. "Acha mutoto," akasema. "Alikuwa munganga. Munganga mubaya, lakini munganga." Na akaanza kucheka, na mama akacheka huku analia, na mimi katikati yao sikujua nifuate upande gani.

Ata hakucheka. Alikaa kwenye kigoda chake akaongea Kiturkana, na mama akatafsiri sentensi kwa sentensi. Alisema: mtoto huyu aliweka chumvi kwenye mti, na mimi niliweka maneno juu ya mtu. Chumvi itatolewa kwa maji. Maneno yangu yatatolewa kwa mbuzi.

Akaenda kumfungua Nakwang.

Nilidhani atachukua mbuzi wake mwingine. Alikuwa na wanne. Lakini Nakwang ndiye aliyempenda kuliko wote, na ndiye niliyempenda, na kosa lilikuwa letu wawili. Alinipa kamba mkononi. "Mpe wewe," akasema. Nikampa. Kabla ya kuachia, Ata alitema mate kidogo juu ya mgongo wa mbuzi, kisha, baada ya kufikiri, juu ya mikono ya Mama Furaha iliyoshika kamba. Mama Furaha alishtuka kidogo, akatutazama, akaacha mikono yake pale pale.

Kuutibu mwaridi kulichukua muda mrefu kuliko kuwapatanisha watu wa ua. Tulikata fimbo zote zilizokufa mpaka tulipokuta kijani, vikabaki visiki vitatu. Maji ya sabuni yakapigwa marufuku. Ilibidi udongo ufuliwe kama nguo: unamwaga mtungi wa maji polepole yashuke na chumvi, unasubiri, unarudia kesho kutwa. Waliowahi kusimama foleni ya bomba Kakuma wanajua maana ya kumwaga mtungi mzima chini kwa makusudi. Mama alisimama foleni, mimi nilisimama foleni, na Mama Furaha alivuka laga na mtungi wake kichwani. Ata alifunga gunia juu ya vijiti vinne kuzuia jua la alasiri, na asubuhi aliosha upande wa chini wa kila jani jipya kwa kidole, ingawa bado aliuliza mti huu unatoa nini. Kisiki kimoja hakikuamka. Viwili viliamka.

Ata amezikwa Lokiriama. Mama Furaha na watoto wake walipelekwa nchi ya mbali yenye baridi, na mara ya mwisho alipompigia mama simu alisema huko waridi huota hata bila mtu kuhangaika, na kwamba hapendi. Mwaridi wangu wa Lodwar ni kijiti kutoka kwenye vile visiki viwili. Una vidudu vyekundu vichache chini ya majani, nimeviona. Nitauosha kwa maji.

Lakini ninachokumbuka zaidi si maua. Ni kwamba Nakwang hakukubali kutolewa. Siku ile ile, jua lilipoanza kushuka, alivuka laga peke yake akarudi kwetu, kamba ikiburuta mchangani, akasimama mlangoni kwa ua akilia afunguliwe. Ata akaniambia nimrudishe. Nikamrudisha. Kesho yake akarudi tena. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kila jioni: kumshika kamba, kuvuka laga, kumkabidhi kwa Mama Furaha, kupewa andazi, kukaa kidogo, kuulizwa habari za mwaridi, kupeleka salamu za mama na kurudi na salamu za huko. Ata hakuvuka hata mara moja, lakini kila jioni alinipa kibuyu kidogo cha maziwa nipeleke. Nilinung'unika njia nzima kwa sababu watoto ndivyo walivyo.

Kisha jioni moja mbuzi hakuja. Nilimsubiri mlangoni. Jua likafika juu ya vichaka vya ng'ambo, na kwenye laga hapakuwa na kitu cheupe kinachotembea. Nikamwambia Ata, "Nakwang hajarudi." Ata akasema, "Basi amejua kwao." Aliendelea na kazi yake, mimi nikabaki nimesimama, kwa kuwa mbuzi hakuwa wangu tena na sikuwa na sababu ya kwenda.

Kibuyu cha maziwa kilikuwa pale pale kwenye jiwe, kimejaa, kimefunikwa. Nikakichukua, nikavuka laga.